Daftari la Apolonia

Ukurasa wa kwanza una doa la chokaa.
Mwaka arobaini na saba, vita vimekwisha juzi,
wanaume kumi na mmoja wa Olszyny
(sawa, tisa, na wavulana wawili
waliovaa viatu vya marehemu)
walifungwa saba bila na Zarzecze, ng'ambo ya mto.
Nguzo za goli zilikuwa nguzo za simu.
Shangazi Apolonia aliandika: Saba. Upepo.

Huku chini hakuna mwandishi wa habari.
Ligi kuu ina redio, ina picha, ina sanamu;
sisi tulikuwa na shangazi mwenye kalamu ya risasi
aliyefua jezi Jumapili usiku
na kuziacha zigande kambani, ngumu kama mbao,
kumi na moja bega kwa bega,
ukuta unaongoja mpira wa adhabu.

Serikali ilitubadilisha jina mara nne.
Tulikuwa Wakulima. Tukawa Kiwanda.
Tukawa Mashujaa wa Sukari, kwa sababu ya mipira miwili mipya.
Kisha tukarudi kuwa Olszyny
maana mchora mabango alikuwa amekufa.

Mwaka sabini na tano, mtu fulani huko Warszawa
alishika rula akaigawa mikoa upya.
Mpaka ukapita katikati ya mto.
Watani wa jadi wakaamka wageni:
Zarzecze wakatupwa ligi ya kaskazini,
sisi kusini, kilomita tisini juu ya lori la viazisukari,
kwenda kufungwa na watu
ambao hatukujua hata tuwatukane vipi.

Lakini mtani hapangwi na ofisi.
Kila Septemba, kabla ya mavuno,
kipa Walenty alivuka daraja na glavu mfukoni
na wenzake wakamfuata mmojammoja, kama wezi.
Mechi haikuwa na pointi wala kibendera.
Filimbi alipuliza daktari wa mifugo,
aliyewajua ng'ombe wa pande zote mbili.
Apolonia akaligeuza daftari juu chini
akaanza kuandika kutoka nyuma.

Kwa hiyo historia yetu ni mbili.
Moja inatoka mbele, ina muhuri:
tumeshuka, tumepanda, tumeshuka.
Nyingine inakuja kinyume chake.
Mwaka themanini na mbili, upande wa muhuri,
kuna mstari mmoja: Hairuhusiwi kukusanyika.
Geuza. Mwandiko uleule:
Mbili mbili. Mvua.
Watu ishirini na wawili hawakukusanyika.
(Zarzecze wana daftari lao. Wanasema mbili moja.
Hilo halijaisha.)

Kisha kiwanda kikafungwa, na harufu ya molasi
ikabaki vyumbani miaka miwili baada ya mishahara.
Mfadhili akawa mchinjaji; tuliposhinda
kila mchezaji alipewa soseji.
Tuliposhindwa alipewa pia, fupi.

Mwaka tisini na tisa wakaufuta mpaka.
Zarzecze walikuja rasmi, watu wanane;
wengine walikuwa Ujerumani, wakichuma matango.
Gazeti la wilaya lilisema timu hizi
hazijakutana kwa robo karne.
Apolonia alicheka mpaka akavua miwani.
Hakusema neno. Aliandika matokeo upande wa mbele,
polepole, kama mtu anayesaini hati ya mgeni.

Yeye hayupo tena. Daftari ninalo mimi.
Ziemowit, mjukuu wa Walenty, hupiga simu kutoka Dublin,
kutoka ghala la matairi, kila Jumapili:
huuliza kwanza kama tumeshuka,
ndipo huuliza kama mama yake hajambo.

Kati ya historia hizo mbili
imebaki karatasi moja tupu.
Zarzecze wamevunja timu mwezi Machi,
na vijana wao sita wamekuja kwetu,
wanavaa jezi zetu, zinawabana mabegani.
Jumamosi tunacheza nyumbani.
Kalamu nimeichonga.
Sijui nianzie upande gani.